Sauti Iliyobaki Kwenye Kanda

Mwezi Machi mwaka 1996 niliitwa posta ya Bukoba mjini kuchukua bahasha nene iliyotoka Uingereza. Aliyeituma ni mwalimu mwenzangu, ambaye tulifundisha shule moja kabla hajapata nafasi ya kwenda kusoma huko. Ndani mlikuwa na kanda ya muziki na vipande vya magazeti alivyovikata kwa mkasi. Juu yake aliandika kwamba ananitumia sauti ya "Mzanzibari wako", maana zamani tuliwahi kubishana mpaka usiku wa manane kama Freddie Mercury ni wetu au si wetu.

Kanda yenyewe ilikuwa Made in Heaven ya bendi ya Queen. Ilitoka tarehe 6 Novemba 1995, miaka minne kasoro siku kumi na nane tangu mwimbaji wa bendi hiyo afariki kwa Ukimwi. Rafiki yangu alidhani nitaifurahia kanda na kuvitupa vile vipande vya magazeti. Ikawa kinyume. Magazeti niliyasoma hata karatasi zikalegea, kwa sababu nyumbani kwetu Hamugembe palikuwa na kanda nyingine, ya kaka yangu, ambayo baba alikuwa amekataza isipigwe.

Nitaifikia hiyo. Kwanza nimseme Freddie, kwa ajili ya wale wanaomjua kwa jina tu.

Alizaliwa Zanzibar, katika Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake walimwita Farrokh Bulsara. Walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika ofisi za serikali ya Waingereza. Mtoto alipelekwa kusoma shule ya bweni India angali mdogo sana, akarudi Zanzibar akiwa kijana, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nzima ilihamia Uingereza. Queen ilianza mwaka 1970. Yaliyofuata yanajulikana dunia nzima, na sitayarudia hapa. Juu ya ule ubishi wetu nitasema hili tu: yeye mwenyewe hakupenda kuizungumzia Zanzibar, na Zanzibar nayo haikuwa na haraka ya kumzungumzia. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kukumbuka miaka 60 ya kuzaliwa kwake, jumuiya ya Uamsho ilipinga kwa nguvu. Hata hivyo, mwaka 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa pale pale Mji Mkongwe. Watu hugombana juu ya maiti mpaka wakachoka, kisha huweka kiingilio.

Turudi kwenye albamu. Mwanzoni mwa mwaka 1991 Queen walitoa albamu ya Innuendo, na wenzake walikwishajua kwamba Freddie hana muda mrefu. Angeweza kwenda kupumzika. Badala yake alirudi Montreux, mji wa Uswisi ulio kando ya ziwa, ambako bendi ilikuwa na studio yake, akaimba kila alipopata nguvu. Aliwaambia wenzake wampe maneno yoyote, yeye aimbe, wao watamalizia baadaye. Mwezi Mei mwaka huo alirekodi wimbo wa Mother Love. Alifika mwisho wa ubeti mmoja, akasema amechoka, atarudi kuumaliza. Hakurudi. Tarehe 23 Novemba ulimwengu ulitangaziwa kwamba ana Ukimwi, na kesho yake akafa.

Wenzake watatu walikaa na sauti hizo kwa miaka. Walipoanza kazi waliona kwamba nyimbo alizoacha Montreux hazitoshi kujaza albamu, wakaanza kuchimba makabati. Wakachukua nyimbo mbili kutoka albamu aliyotoa peke yake mwaka 1985, wakavua vyombo vya zamani na kumpigia vyao. Wakachukua vipande vya mwaka 1980 na 1983 vilivyokuwa vimeachwa. Wakachukua wimbo uliokwishatoka mwaka 1989 nyuma ya santuri nyingine. Mother Love ulikosa ubeti wa mwisho, basi Brian May, mpiga gitaa, akauimba yeye.

Hapo ndipo wahakiki walipogawanyika, na ndipo vile vipande vya magazeti vilipokuwa na utamu. Wengine walisema hii si albamu, ni shuka la viraka, na kwamba mtu aliyekufa hawezi kuulizwa kama anakubali kiraka kipi kishonwe wapi. Gazeti la NME la London lilikuwa kali kuliko yote. Liliiona ni kazi isiyo na staha, yenye kuogofya kidogo na utamu uliopita kiasi, halafu likamalizia kwa kusema kwamba Freddie mwenyewe angejivunia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye nikaona ni maneno ya mtu aliyemjua marehemu. Freddie maisha yake yote alitia chumvi, sukari na pilipili katika sufuria moja, na hakuomba radhi. Waliomtaka awe na adabu baada ya kufa walikuwa wakimtaka mtu mwingine. Majarida mengine yalikuwa na upole zaidi, yakaipokea kama kuaga kunakostahili. Wanunuzi hawakungoja hukumu: Uingereza albamu iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza. Marekani haikupanda zaidi ya nafasi ya 58.

Kuna jambo moja ambalo wahakiki hawakulikazia vya kutosha, nami nitalisema. Wengi waliousikia wimbo wa Too Much Love Will Kill You waliamini kwamba mgonjwa alikuwa akieleza ugonjwa wake. Si hivyo. Wimbo ule Brian May aliuandika pamoja na wenzake wawili wakati ndoa yake ikivunjika, na haukuwa na habari ya Ukimwi hata kidogo. Freddie aliurekodi miaka michache kabla ya kufa, kisha ukawekwa kando. Mwaka 1995 maneno yalikuwa yale yale, ila sasa kaburi lilikuwa limesimama nyuma yake. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nimesoma habari hiyo gazetini, niliposikia kiitikio nilimwona kaka yangu.

Maana mimi sikuwa nasikiliza nikiwa London. Nilikuwa Hamugembe.

Msomaji wa leo, hasa kijana, inambidi ajue Bukoba ya miaka ile ilikuwaje. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania, watatu, walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Bado tulikuwa tukihesabu hasara ya vita vya Amin. Ugonjwa tuliuita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyokuwa yakivuka mpaka kutoka Uganda, kana kwamba ni nguo ndiyo iliyoua watu. Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima mkoani, na hapa Bukoba mjini walikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana virusi, asilimia 24. Kufikia mwaka huo wa 1996 nilipopata ile bahasha, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13 hivi, lakini kushuka kwake hakukuwa habari njema tupu. Sehemu ya waliohesabiwa mwanzo tulikuwa tumekwishawazika. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004.

Tulizika, lakini hatukusema. Matangani ilitajwa malaria, ikatajwa homa ya matumbo, likatajwa jicho la jirani. Ndiyo maana ninapoambiwa kwamba Freddie alificha mpaka siku moja kabla ya kufa, simcheki. Kwa kipimo cha Hamugembe huyo alisema mapema.

Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na aliyesema mapema kweli. Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden, alijitokeza hadharani mwezi Aprili 1989 akasema anao Ukimwi. Akatunga na kurekodi nyimbo juu yake, ukiwemo Alone and Frightened, akazunguka mashule na makanisa akiimba huku mwili unakwisha. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Redio ya Uganda ilisikika vizuri kwetu, pengine kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo tulimfuatilia. Na tahakiki ya kwanza aliyopata Lutaaya haikuhusu muziki. Watu walisema anadanganya. Walisema amelipwa na Wazungu, au anatafuta soko la kanda zake. Ilibidi afe ndipo aaminiwe. Leo nyimbo zake za Krismasi hupigwa Uganda kila Desemba, na wapo wanaozicheza bila kukumbuka alikufaje.

Sasa nifike kwetu.

Kaka yangu alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji katika bendi ndogo ya hapa mjini, isiyowahi kurekodi hata wimbo mmoja studio. Walipiga kwenye harusi na kwenye baa. Alianza kuugua mwaka 1990, mwaka ambao mwanawe alizaliwa. Januari 1992 aliniomba nilete redio kaseti yangu chumbani kwake. Nikanunua betri sita mpya, maana umeme haukuaminika, nikaweka kanda tupu, nikabonyeza. Akaimba akiwa ameegemea ukuta, gitaa limelala mapajani kama mtoto. Nyimbo tatu alizimaliza. Wa nne, wa Kihaya, aliotunga mwenyewe juu ya kuvua senene usiku wa Novemba, alifika ubeti wa pili kikohozi kikamshika. Kilikuwa kirefu. Kilipokwisha alisema, "Zima, tutamalizia kesho." Nikazima.

Kesho yake hakuweza, na kesho kutwa hakuweza. Tulimzika mwezi Machi katika kibanja chetu cha Kamachumu, Muleba, kwenye migomba, karibu na babu.

Matanga yalipoisha nilitaka kuipiga ile kanda. Baba alisikiliza wimbo wa kwanza ametulia. Wa pili, wa tatu. Kilipoanza kikohozi aliinuka akazima redio kwa mkono wake, akasema kanda hiyo isipigwe tena katika nyumba yake, na hasa dirisha likiwa wazi. Sikumwelewa siku ile. Nilidhani ni uchungu. Baadaye nilielewa kwamba kikohozi kile kilikuwa kinataja jina la ugonjwa ambalo sisi hatukulitaja. Majirani wa Hamugembe walikuwa wamesikia vikohozi vingi, walijua kuvisoma. Baba alikuwa amewaambia watu ni malaria. Kanda ilimkanusha.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipoipokea Made in Heaven. Niliipiga usiku, polepole, nikingojea ule wimbo wa Mother Love. Na nitakiri kwamba sikuusikiliza kama muziki. Nilikuwa nangoja mahali sauti inapobadilika. Unamsikia Freddie, dhaifu na bado mwenye nguvu za ajabu, kisha ubeti unaofuata ni mtu mwingine. May hakujaribu kumwigiza. Ana sauti yake nyembamba, na kila mwenye masikio anajua kwamba hapa mwenzetu aliishia. Halafu mwishoni wameweka kelele za umati wa siku za Wembley, na mwisho kabisa kilio cha mtoto mchanga. Hayo ya umati na mtoto kwangu yamezidi, nakubaliana na NME. Lakini ile nafasi kati ya sauti mbili ningeitetea mbele ya mhakiki yeyote. Walioshona wameuacha uzi uonekane.

Niliitia kanda hiyo katika bati la biskuti, pamoja na ile ya kaka yangu na vile vipande vya magazeti, nikaliweka juu ya kabati la chumba cha nyuma. Likakaa huko miaka ishirini. Baba alifariki mwaka 2009, na sikulishusha. Kukatazwa kunaweza kuwa mazoea hata aliyekataza akiwa hayupo.

Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa alasiri na ushee, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba. Watu zaidi ya 15 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Hamugembe tuliumia sana, maana nyumba zetu nyingi ni za zamani na zimesongamana. Sisi tulipona wote, ila ukuta wa chumba cha nyuma ulilala. Mtoto wa marehemu kaka yangu alikuja kutoka Mwanza kutusaidia kuchambua matofali. Ni yeye aliyelitoa lile bati, limebonyea upande mmoja, akasoma mwandiko wangu kwenye kanda: jina la baba yake na mwaka.

Alikuwa na umri wa miaka 26. Baba yake alimwacha wa miaka miwili, na mama yake alimfuata mumewe mwaka 1994. Alilelewa na bibi yake, yaani mama yangu. Picha za baba yake alikuwa nazo mbili. Sauti hakuwahi kuisikia, wala hakujua kwamba ipo. Aliniuliza, "Baba mdogo, ulikuwa nayo siku zote?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Kijana huyu hurekodi muziki kwa kompyuta, na ana chumba chake Mwanza ambako vijana wa kwaya na wa bongofleva huenda kuimba. Aliichukua kanda. Baada ya mwezi mmoja alinipigia simu akaniambia ameisafisha: mivumo ya kanda ameitoa, ameongeza besi na ngoma, na kile kikohozi amekifuta. Wimbo wa nne atauimba yeye aumalizie.

Tukagombana. Nilimwambia kuhusu Freddie na May, nikamsomea magazeti kwenye simu, mwalimu hawezi kuacha ualimu. Nikamwambia kwamba kikohozi ni sehemu ya kanda, kwamba ni ushahidi wa namna kizazi kizima kilivyokwisha, na kwamba anayekifuta anafanya alichofanya babu yake, ila kwa mashine nzuri zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyolelewa. Kisha akasema, "Baba mdogo, kikohozi hicho ni chenu. Ninyi mmekijua. Mimi nilikuwa nataka sauti tu."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko tahakiki yoyote niliyopata kusoma. Wahakiki wa 1995 waliuliza kama wenzake marehemu walikuwa na haki ya kumalizia nyimbo zake. Hawakuuliza kama yupo mtu anayezihitaji zimalizike. Mimi nilikuwa nahitaji kanda ibaki imekatika pale nilipoizima, kwa sababu kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Yeye hakuwemo chumbani.

Sikumpigia tena kumbishia. Desemba 2017 alikuja na mkewe na mtoto wao, tukaenda wote Kamachumu kwa Krismasi. Mchana, baada ya chakula, tulikaa nje kwenye ukingo wa migomba, mama yangu ameketi kwenye mkeka. Alikuwa amepita miaka themanini na macho yalikuwa yamefifia. Kijana akaweka spika ndogo juu ya stuli akatupigia. Ikiwa ninaruhusiwa kuhakiki: wimbo wa kwanza ngoma zimezidi, gitaa la kaka linapotea. Wa pili ni mzuri. Wa tatu ameuacha bila besi, na ni mzuri kuliko wa pili. Mama alikuwa akitikisa kichwa na kusema jina la mwanawe taratibu, kama anamwita aje kula.

Wa nne ukaanza. Nilisikia mvumo wa kanda ya zamani, nikajua kwamba huu hakuugusa. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, kisha kikohozi, chote, kirefu kama kilivyokuwa. Nilimtazama kijana. Yeye alikuwa akitazama chini.

Mama aliinua kichwa. "Mpeni maji," alisema.

Hakuna aliyejibu. Kitukuu chake, cha miaka mitano, kisichojua habari yoyote, kikanyanyuka kikaenda jikoni kuyaleta.